Asali Si Chakula

Mimi sina ugomvi na chakula. Nakula vizuri, na mwili wangu ni shahidi. Ugomvi wangu ni na chakula kilichopotea njia kikaingia maktabani.

Maktaba yetu hapa Shelui ilikuwa ghala la alizeti kabla wanakijiji hawajaamua kuligeuza. Iko hatua chache kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, pale malori yanaposimama, na kuanzia barabarani hadi mlangoni kwangu karibu kila kinachouzwa kinalika: mahindi ya kuchoma, chipsi, kuku, karanga, miwa. Mtu anatoka huko na vidole vinavyong'aa mafuta, anapitiliza mpaka kwenye rafu, anasema, "Mama Dorika, naomba ile historia ya vita." Historia nitampa. Kwanza namwonyesha beseni.

Nje, chini ya upenu, nimeweka meza, mabenchi mawili, ndoo ya maji yenye bomba, beseni, sabuni na taulo. Hapo unakula unachotaka, unapiga soga, unanawa, unakausha mikono, ndipo unaingia. Mlangoni nimechora mstari mwekundu sakafuni. Chakula na kinywaji havivuki, hata maji ya chupa, hata pipi iliyo mdomoni. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuja na kikombe chake cha chai akiamini cheo kitakivusha. Chai yake ilipoa pale mezani, na yeye akasoma gazeti kimya kimya kama wengine.

Watu wakanibatiza jina, Mama Makombo. Wala sikukasirika. Jina hilo limenifanyia kazi kuliko tangazo nililobandika ukutani.

Wengi wanadhani naogopa madoa. Doa ni jambo dogo. Punje ya muhindi ikidondoka chini ya rafu, anaifuata sisimizi, anafuata mende, halafu anakuja panya, na panya akimaliza punje haagi akaondoka. Anaonja gundi ya jalada, anaipenda, anahamia na ukoo wake. Panya wa ghala hili ni wenyeji kuliko mimi, babu zao walizaliwa humu juu ya magunia. Mwezi wangu wa kwanza walinitafunia vitabu kumi na tisa. Tangu nichore ule mstari ni miaka mitatu, na hawajagusa hata kimoja. Nalisema hilo bila kuona haya, maana nimelitolea jasho.

Sasa mwezi wa tatu mwaka huu, mvua bado zinanyesha, alikuja Mzee Simeoni.

Mzee Simeoni ni mfuga nyuki. Mizinga yake ya magogo imening'inia kwenye miti kule milimani, na hakuna mti wa huko asioujua, unachanua lini, nyuki wanaupendea nini, mizizi yake inatibu nini. Kusoma hajui. Mkewe, Theresia, ndiye aliyekuwa anajua. Kwa miaka mingi mzee alikuwa anataja, mama anaandika, Kiniramba upande huu na Kiswahili upande ule, mpaka yakajaa madaftari makubwa manane. Mwaka jana Theresia akafariki.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia, nikamkaribisha kwenye benchi la nje.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mke wangu."

Akaweka mezani furushi lililofungwa kwa kanga. Nyuma yake alikuwa amesimama Kefa, mtoto wa mdogo wake, anayeishi Dodoma, kanyoosha shati na uso kaukunja. Kefa alitaka madaftari yaende kwake, na alisema mbele yangu bila kupepesa macho, "Baba mkubwa, hapa ni stendi ya malori. Mwaka mmoja tu, utakuta wanafungia karanga kurasa za mama mkubwa."

Nilitaka kumjibu jibu la kumkalia mwezi mzima, lakini mzee aliinua mkono.

"Yakae hapa mpaka baada ya mavuno," akasema. "Mwezi wa saba nitakuja, unisomee mwenyewe, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kabla ya hapo asiyafungue mtu, hata wewe. Nikiyakuta salama, ni ya maktaba moja kwa moja, wajukuu wa Shelui yote wayasome. Nikikuta yameharibika, Kefa atayabeba, na mimi na wewe hatutalaumiana."

Nikasema, "Baba, hapa umefika." Nilisema kwa sauti ya kumfikia Kefa vizuri.

Basi mzee akainama, akatoa kwenye kapu lake kindoo cheupe cha plastiki chenye mfuniko. Asali. Mkono mtupu haulambwi, na mzee wa Kiniramba hawezi kumkabidhi mtu kitu kizito halafu asimpe cha kumshukuru. "Hii ni ya maktaba," akasema. Ningeikataa, ningekuwa nimemtukana.

Nina kabati moja tu lenye kufuli. Nikaweka furushi rafu ya chini. Kindoo nikakiweka rafu ya juu yake, nikafunga, ufunguo nikautia shingoni.

Msomaji anaweza kuniuliza, wewe Mama Makombo, ule mstari mwekundu hukuuona? Niliuona. Lakini asali si chakula. Muulize mtu yeyote huku kwetu. Mtoto akikohoa ni asali, kidonda ni asali, mama aliyejifungua ni asali. Asali ni dawa, na tena haiozi. Mimi niliyemzuia mwalimu mkuu na chai yake nilivusha lita tano za dawa bila moyo kunidunda hata kidogo. Nyumbani nayo sikuipeleka, kwa sababu ilikuwa zawadi ya maktaba, na sikutaka ije kusemwa kwamba nimelamba mali ya umma. Kabati sikulifungua tena, kwa sababu niliahidi.

Mavuno yakapita. Mzee akatuma salamu kwamba atakuja Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo asubuhi, nikifagia, nikaona sisimizi sakafuni.

Hawakuwa wawili watatu. Ulikuwa mstari mzima, umetoka kwenye ufa wa ukuta na unapita chini ya meza ya wasomaji, tena wanatembea kwa uhakika kama wanaokwenda kazini. Damu ikanipanda. Kwenye meza ile alikuwa amekaa mtu mmoja tu, Gasto, dereva wa lori la vitunguu, ambaye kila akipita Shelui husoma saa moja kabla ya kuendelea na safari.

"Gasto, simama. Mifukoni kuna nini?"

"Kuna karanga, Mama. Lakini sijazila, ziko kwenye karatasi, nitakula njiani."

"Kwa hiyo zimevuka mstari!"

"Zimevuka ndani ya suruali, Mama. Nivue?"

Waliokuwa kwenye rafu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Nilimsema Gasto mpaka waliokuwa kwenye mahindi huko nje wakageuka kutazama. Nikamwambia watu kama yeye ndio wanaoturudishia panya, na asikanyage tena kwangu. Aliweka kitabu mezani taratibu, akatoka.

Nikachukua kitambaa na maji ya sabuni, nikaanza kufuta mstari kuanzia pale alipokuwa amekaa. Chini ya kiti chake hapakuwa na punje wala ganda. Mstari ulikuwa unaendelea, nami nikaufuata nimepiga magoti, nikapita rafu ya hadithi, rafu ya kilimo, rafu ya afya, mpaka nikagonga kichwa kwenye kabati langu. Nyani haoni kundule.

Nikatoa ufunguo shingoni, nikafungua. Ubao wa nyuma wa kabati ulikuwa umetobolewa tundu la kupita panya mzima, kwa raha zake. Kindoo kilikuwa kimetafunwa ubavuni. Panya hakuambiwa kwamba ile ni dawa. Asali ilikuwa imetiririka kwenye mbao, ikadondokea rafu ya chini, juu ya kanga ya Theresia, na juu ya kanga sisimizi walikuwa weusi tii.

Niliketi sakafuni nikalia. Sikulia sana, lakini nililia kweli. Kisha nikafunga maktaba, nikabeba furushi hadi meza ya nje, nikakung'uta sisimizi mmoja mmoja kwa brashi ya rangi ambayo haijatumika. Madaftari saba yalikuwa mazima. La nane, lililokuwa juu, asali ilikuwa imeingia ubavuni. Kurasa za mbele zilifunguka. Za mwisho mbili zilikuwa zimegandana kabisa, zimeganda kama kitu kimoja.

Gasto alikuwa bado yuko kwenye lori lake, anakagua matairi. Nilimwendea.

"Gasto, nimekukosea. Ni mimi. Niliweka asali ndani mwenyewe."

Alinitazama, akatazama maktaba, akanitazama tena. "Wewe? Mama Makombo?"

"Cheka umalize."

Alicheka, akamaliza, kisha akaja kutazama. Alipojua ni madaftari ya nani akashusha sauti. "Sikia, Mama. Mzee macho yake hafifu na hajui kusoma. Panga yale saba juu, hili liwe chini kabisa. Msomee mpaka hapo kwenye kurasa nzima, mwambie ndio mwisho. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Na nikishajua mimi, kesho nitamzuia nani mlangoni?"

Alhamisi mzee akaja, Kefa nyuma yake na begi tupu kabisa, la kubebea. Sikuwangoja wakae vizuri. Niliweka daftari la nane mezani, nikasema yote, kabati, kindoo, panya, kurasa mbili. Sikumtaja panya kwanza. Nilianza na mimi.

"Nilisema!" Kefa alipiga meza. "Si nilisema?"

"Ulisema karanga," nikamjibu. "Ungesema asali ungenisaidia."

Mzee Simeoni alichukua daftari, akalinusa. Akapitisha kidole pale ubavuni, polepole, akakaa nalo mapajani.

"Ni kurasa za mwisho?"

"Ndiyo, baba. Mbili za mwisho kabisa."

Malori mawili yakapita. Kisha akasema, "Hayo mengine yote nilimtajia mimi. Yakipotea nitayataja tena, bado ninayo kichwani. Hizo mbili sikumtaja. Aliandika mwenyewe. Alifunga daftari, akaniambia, hapa pa mwisho utasomewa siku nisipokuwepo. Mwaka mzima nimekuwa naogopa kusomewa. Nikasema nitangoja mavuno."

Kefa akatoa wembe mfukoni, wa kunyolea, bado kwenye karatasi yake. "Tupasue tu baba mkubwa, leo leo, ujue moja."

"Weka wembe huo!" Nilisimama. Sikupanga kusimama. "Ukipasua hapa, wino utabaki nusu huku nusu kule, na hakuna atakayesoma kitu. Baba, nimekukosea, na ukitaka kuyabeba sina la kusema. Ila hili ni mgonjwa, na mgonjwa hatolewi wodini anavuja damu. Nipe wiki moja. Kazi hii naiweza."

"Unaiweza, au unatamani kuiweza?"

"Naiweza."

Mzee akamgeukia Kefa. "Alhamisi ijayo tutarudi. Njoo na begi lako."

Tundu la kabati nililiziba kwa bati, yale madaftari saba nikayafungia humo. Ukutubi nilisomea miezi tisa tu, lakini somo la kutibu vitabu sikulala darasani. Asali iliyokauka huvuta unyevu na kulegea, na wino wa kalamu ya kawaida hauogopi unyevu kidogo. Nililaza daftari ndani ya dishi la plastiki lenye mfuniko, pembeni nikaweka kitambaa kibichi kisicholigusa, nikafunika. Kila asubuhi nilifungua, nikajaribu ukingo kwa kijiti cha mshikaki kipya nilichokichonga kikawa bapa. Panapoachia, napachika karatasi nyeupe inyonye asali, nafunika tena. Siku ya kwanza paliachia upana wa ukucha. Siku ya tatu, upana wa vidole viwili. Siku ya tano nilijiona fundi nikaongeza kasi, na kona ya chini ikachanika, kikatoka kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, chenye neno moja, nalo likasagikia kwenye kijiti. Nilijitukana kwa Kiswahili, nikajitukana kwa Kiniramba, nikarudi kwenye mwendo wangu wa mwanzo.

Kusoma sikusoma. Kila panapofunguka nilipafunika kwa karatasi. Macho yaliniomba sana, nikayanyima.

Alhamisi nilifika kabla jua halijachomoza. Ukurasa wa mwisho uliachia saa nne, kwa utulivu tu, kama mtoto anayeachia titi akishalala. Saa tano wakaingia. Mzee alinawa mpaka kwenye viwiko, akavuka mstari, akakaa kwenye meza ya wasomaji. Kefa akabaki amesimama na begi lake.

"Soma," mzee akasema.

Nikaondoa karatasi ya juu. Mwandiko wa Theresia ulikuwa mdogo, umesimama wima, herufi hazigusani. Nikasoma:

"Leo Simeoni amenitajia miti tangu asubuhi. Tumefika mti wa arobaini na mbili. Yeye ana togwa yake, anakunywa koo lisikauke. Kikombe changu amekisogeza mbali, anasema nitamwagia maneno. Hajaniuliza kama nimekula."

Nilisita. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, mitupu, imetulia.

"Sijala. Sitamwambia leo, kwa sababu anataja vizuri, na nikimkatiza atasahau mti. Simeoni, utakaposomewa hapa mimi sitakuwepo, na nakujua, utaanza kujilaumu. Usijilaumu. Siku hii nilikuwa na njaa, na nilikuwa na..."

"Na nini?"

"Hapa pamechanika, baba. Neno moja. Nilipachana mimi siku ya tano, kwa haraka yangu."

Kefa alivuta pumzi kwa nguvu, lakini mzee hakugeuka kumtazama.

"Baada ya hapo panasemaje?"

"Panasema, 'kuliko siku ya harusi.' Basi. Ndiyo mwisho."

Mzee Simeoni alifumba macho. "Furaha," akasema. "Alikuwa anaimba ile siku. Nikamwambia anyamaze, ananipotezea miti." Machozi yakamshuka, akayaacha yashuke, akarudisha kiti nyuma kidogo ili yasije yakafika kwenye daftari.

Nikamwambia nitaliandika lile neno kwenye karatasi ya pembeni, kwa jina lake yeye aliyelitaja, na mwandiko wa mama sitaugusa. Akakubali kwa kichwa. Nikalifunga daftari, nikalitia kwenye kanga iliyofuliwa pamoja na mengine saba, nikamsukumia furushi zima pale mezani, maana neno lilikuwa limepotea mikononi mwangu na ahadi ilikuwa ahadi. Kefa akafungua zipu ya begi.

Mzee aliweka mkono juu ya furushi. Akaelekeza macho yake hafifu upande wangu, akanitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, umefika hapa saa ngapi?"

"Alfajiri, baba."

"Umekula?"

Nilitaka kusema nimekula. Haikutoka.

"Bado, baba."

Akalisukuma furushi kurudi upande wangu.

"Kefa, funga begi, katafute kuku," akasema. "Na wewe funga kabati, twende nje tukale."